Aliyepanda ndiye huanza salamu: adabu ya barabara baina ya wenye magari na wenye baiskeli

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeitandaza ardhi na kuweka humo njia ili waja Wake wapite. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyeufuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo nimeona tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni sehemu ya dini, nalo ni namna tunavyoitumia barabara. Nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe, kwani si uadilifu mwenye kuwaidhi kuwaonya watu na kosa alilolitenda yeye kisha akalificha.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kutoa khutba ya Ijumaa katika msikiti mmoja ulioko kusini ya Mbagala, kandokando ya barabara iendayo Kilwa. Nilichelewa kuondoka nyumbani, na kila nilipotazama saa moyo ulizidi kunienda mbio. Mbele yangu alikuwapo mzee aendeshaye baiskeli, na juu ya keria amefunga matenga mawili ya nazi. Barabara mahali pale ilikuwa nyembamba na lori lilikuwa likija kwa upande wa pili. Badala ya kupunguza mwendo na kusubiri, nilipiga honi, wala si mara moja. Mzee wa watu akashituka, akatoka kwenye lami, gurudumu la mbele likazama katika mchanga, akaanguka yeye na baiskeli yake, na nazi zikatawanyika hadi mtaroni.

Nilisimama, nikashuka nikiwa na kanzu yangu na kofia yangu. Neno la kwanza lililonitoka, Mwenyezi Mungu anisamehe, halikuwa pole. Nilimwuliza: "Mzee wangu, kwa nini hukukaa pembeni?" Alijipangusa vumbi, akaitazama kofia yangu, kisha akanijibu kwa sauti ya upole: "Shekhe, pembeni ndipo nilipokuwa. Huko ulikotaka niende ni mtaroni."

Tuliziokota nazi pamoja. Nilimlipa zile zilizopasuka, nikamwomba radhi, naye akanisamehe na kuniombea dua. Nilipofika msikitini imamu mwenyeji alikuwa ameshapanda mimbari, nikakaa safu ya nyuma kabisa kama maamuma mwingine yeyote. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyarejea mafundisho ya dini yetu kuhusu njia, na nimekuta kwamba jibu la mzee yule lina asili kubwa katika Sunna ya Mtume (S.A.W.).

Njia ina haki yake

Amesimulia Abu Said Al-Khudri (R.A.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha Masahaba wake na tabia ya kukaa njiani. Walipomweleza kuwa hawana budi, kwani hapo ndipo wanapozungumzia mambo yao, aliwaruhusu kwa sharti kwamba waipe njia haki yake. Walipouliza haki hiyo ni ipi, akawatajia kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kujibu salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya.

Tuizingatie hadithi hii vizuri. Mtume (S.A.W.) hakuanza kwa kuwaeleza watu haki zao wao juu ya njia. Aliwaeleza haki ya njia juu yao. Sisi leo tukikaa nyuma ya usukani au juu ya tandiko la baiskeli, kila mmoja hudai haki yake: huyu anasema amelipia gari na mafuta, yule anasema naye ni raia na barabara imejengwa kwa kodi ya wote. Wote wawili wana hoja, lakini wote wawili wameanza mahali pasipo pa kuanzia. Mwanzo ni kujiuliza: je, nimeizuia njia isipatwe na maudhi yangu?

Wanavyuoni wa Fiqhi walilifafanua jambo hili kwa kanuni iliyo wazi. Walisema kila mtu ana ruhusa ya kupita katika njia ya watu wote, lakini ruhusa hiyo imefungamana na sharti la salama, yaani asimdhuru mwenzake kwa jambo ambalo anaweza kujihadhari nalo. Kanuni hii iliandikwa katika vitabu vya madhehebu ya Hanafi karne nyingi kabla ya kuundwa gari la kwanza, na katika karne ya 19 ikaingizwa katika Majalla, mkusanyo wa sheria za dola ya Uthmaniya. Waliiandika kwa ajili ya farasi, ngamia na punda waliobeba kuni sokoni. Aliyepanda mnyama akamkanyaga mtu kwa uzembe alidhamini, wala hakusikilizwa akisema kwamba mnyama wake alikuwa na haraka.

Aliyepanda na aliye chini yake

Katika hadithi nyingine waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), Mtume (S.A.W.) alifundisha utaratibu wa kutoleana salamu: aliyepanda kipando humsalimia anayekwenda kwa miguu, anayetembea humsalimia aliyekaa, na wachache huwasalimia wengi.

Kwa nini aliyepanda ndiye aanze? Kwa desturi za dunia ilitarajiwa kinyume chake. Aliye juu ya farasi alikuwa na mali, nguvu na heshima, na mwenye kutembea kwa miguu ndiye aliyetazamiwa kusimama kando na kusalimu. Ibn Hajar Al-Asqalani, katika sherehe yake mashuhuri ya Sahihi Al-Bukhari, amenukuu maelezo ya wanavyuoni waliomtangulia kwamba hekima yake ni kumkinga aliyepanda na kibri cha kipando chake, ili arudi katika unyenyekevu. Tena ipo hekima iliyo dhahiri kwa kila mwenye akili: aliyepanda ndiye anayeweza kudhuru, basi yeye ndiye anayepaswa kutangulia kumtuliza mwenzake na kumpa amani. Salamu yenyewe maana yake ni amani.

Sasa tuyatazame yanayotendeka katika barabara zetu. Sisi tumeipindua Sunna hii juu chini. Kwetu mdogo ndiye huanza: mwenda kwa miguu humkimbia mwenye baiskeli, mwenye baiskeli humkimbia mwenye pikipiki, mwenye pikipiki humkimbia mwenye gari dogo, na wote kwa pamoja hulikimbia basi na lori. Tumeifanya njia kuwa kama bahari, samaki mkubwa humla mdogo, na kila mmoja analiona hilo kuwa ni jambo la kawaida. Lakini kila mtu juu ya lami ana roho moja tu, na roho ya muuza madafu haina uzito mdogo mbele ya Mola wake kuliko ya mwenye gari la kifahari.

Inapendeza kuona kwamba hata mataifa yasiyoitegemea Sunna yamefikia hukumu inayokaribiana na hii. Uingereza, mwezi Januari 2022, iliurekebisha mwongozo wake wa watumiaji wa barabara na kuweka ngazi ya majukumu: mwenye chombo kinachoweza kudhuru zaidi ndiye mwenye jukumu kubwa zaidi la kuwahadhari wengine, bila ya kuwaondolea wengine wajibu wao. Mwongozo huo unamtaka dereva ampitapo mwenye baiskeli amwachie nafasi isiyopungua mita moja na nusu, na zaidi ikiwa anakwenda kwa kasi kubwa. Hizo ni kama dhiraa tatu za wazee wetu. Hekima ni kitu kilichompotea Muumini, popote aikutapo anayo haki ya kuichukua.

Wala jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, limekadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali za barabarani ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, yaani watu wasio na bati wala mkanda wa kuwakinga. Ajali hizi ndizo zinazoongoza kwa kuwaua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hao ni wanafunzi wetu wa madrasa na nguvu kazi ya nyumba zetu.

Mtume (S.A.W.) katika msongamano

Huenda msomaji akasema: hayo ni maadili mazuri, lakini Mtume (S.A.W.) hakuishi katika miji yenye msongamano kama Dar es Salaam. Napenda kumkumbusha siku moja ya mwaka wa 10 Hijria, sawa na mwaka 632 Miladia, katika Hija ya kuaga. Jua lilipozama, maelfu ya watu waliondoka Arafa kwa wakati mmoja kuelekea Muzdalifa, waliopanda na waliotembea, wote wakiifuata njia moja. Huo ulikuwa ni msongamano hasa.

Ibn Abbas (R.A.) amesimulia, katika mapokezi ya Bukhari, kuwa Mtume (S.A.W.) alisikia nyuma yake kelele za watu wakiwakemea na kuwapiga ngamia wao ili waongeze mwendo. Akawaashiria kwa mjeledi wake na kuwaamuru watulie, akiwafahamisha kuwa wema haupatikani kwa kukimbiza vipando. Jabir (R.A.), katika mapokezi ya Muslim, ameeleza kuwa Mtume (S.A.W.) aliivuta hatamu ya ngamia wake Qaswaa hata kichwa cha mnyama kikakaribia kugusa tandiko, huku akiwaashiria watu kwa mkono wake wa kulia wawe watulivu. Naye Usama bin Zayd (R.A.), aliyekuwa amepakiwa nyuma yake, alipoulizwa baadaye juu ya mwendo wa Mtume (S.A.W.) siku hiyo, alijibu kuwa alikwenda mwendo wa wastani, na alipopata uwazi ndipo alipoongeza.

Ndugu zangu, dereva anahitaji mafundisho gani zaidi ya haya? Kwenye msongamano, mwendo wa wastani. Penye uwazi, ruhusa ya kuongeza. Na aliyekuwa akiifunga breki, kwa lugha ya leo, ni kiongozi wa umma wote, ambaye lau angetaka watu wangempisha hadi wa mwisho. Hakutaka wampishe. Alijizuia yeye kwanza, kisha ndipo akawaamuru wengine.

Mwendo si suala la adabu pekee, bali ni la uhai. Gari linapoongeza mwendo wake maradufu, kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, nguvu ya kishindo chake haizidi maradufu, bali huzidi mara nne. Ndiyo maana sheria yetu ya usalama barabarani ikaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya maeneo ya makazi. Mwenye baiskeli aliyegongwa na gari la mwendo wa pole huenda akanyanyuka na majeraha. Aliyegongwa kwa mwendo wa kasi ni nadra kunyanyuka.

Sauti ya honi

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametusimulia katika Suratul Luqman (31:18-19) wasia wa Luqman kwa mwanawe: asiwageuzie watu shavu kwa kiburi, asitembee ardhini kwa maringo, awe wa wastani katika mwendo wake na aishushe sauti yake, kwani sauti ichukizayo kuliko zote ni ya punda. Tazama jinsi aya hizi zilivyokusanya kiburi, mwendo na sauti mahali pamoja. Ni mambo matatu yaliyomo katika gari la dereva mmoja mwenye hasira: amejiona, amekimbiza, amepiga honi.

Honi iliwekwa kwa ajili ya kuonya juu ya hatari. Mlio mfupi kutoka mbali humjulisha mwenye baiskeli kwamba liko gari linakuja. Huo hauna ubaya. Ama honi ndefu inayopigwa karibu na mgongo wa mtu si onyo, ni shambulio. Mwili wa mwanadamu ukishituka hukakamaa, mikono huvuta usukani, na baiskeli haina magurudumu manne ya kuisimamisha. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na mimi ndiye niliyekuwa mpigaji.

Yafaa wenye magari wajue pia kwa nini mwenye baiskeli hakai kwenye ncha kabisa ya lami. Nilipokuwa kijana Tanga nilikwenda madrasa kwa baiskeli ya marehemu baba yangu, Phoenix nyeusi, na nayakumbuka vizuri. Ukingo wa lami mara nyingi umemeguka, na baina yake na udongo pana ngazi inayoweza kumwangusha mtu. Pembeni ndipo mchanga na vigae vya chupa vinapojikusanya, na ndipo yalipo mashimo ambayo mwenye gari hayaoni. Basi kubwa linapokupita karibu, upepo wake hukusukuma kisha hukuvuta. Kwa hiyo mwenye baiskeli anaposogea ndani kidogo hafanyi ukaidi, analinda roho yake. Subira ya dereva kwa wakati huo haizidi nusu dakika, na nusu dakika hiyo, akiikusudia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ni sadaka.

Haraka ya kwenda Ijumaa

Linaloumiza zaidi ni kwamba baadhi ya maudhi haya tunayafanya tukiwa njiani kwenda kuswali. Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha katika Suratul Jumua (62:9) kuuendea upesi utajo Wake pindi inapoadhiniwa Swala ya Ijumaa, na kuacha biashara. Lakini wanavyuoni wamefafanua kuwa makusudio ni kulipa jambo hilo umuhimu na kulijiandalia, si kukimbia kwa miguu wala kwa magurudumu. Mtume (S.A.W.) amekataza hata anayesikia iqama asiiendee Swala mbio, bali aijie kwa utulivu, aswali alichokidiriki na akamilishe kilichompita. Ikiwa hairuhusiwi kukimbia hatua ishirini za uani kwa ajili ya rakaa, vipi itaruhusiwa kumtupa mtu mtaroni kwa ajili ya khutba?

Na tukishafika, tunaegesha vipi? Tazameni nje ya misikiti yetu mingi siku ya Ijumaa. Magari hupangwa safu mbili juu ya njia ya waenda kwa miguu na ya baiskeli, na muuza mikate anayepita hapo hulazimika kuingia katikati ya magari yaendayo kasi. Abu Daud amepokea hadithi ya Muadh bin Anas Al-Juhani (R.A.) kwamba katika safari moja ya vita watu walibanana makambini na kuikata njia, ndipo Mtume (S.A.W.) akamtuma mpiga mbiu kutangaza kuwa mwenye kuwabana watu mahali pao au kuikata njia hana jihadi. Hao walikuwa wametoka na roho zao kwa ajili ya dini, na bado waliambiwa maneno hayo mazito. Nasi tunapoiziba njia ya watu kwa ajili ya Ijumaa yetu, tumekusudia kurudi na nini?

Kadhalika lipo jambo la mawe na matawi. Lori likiharibika njiani, utingo hukata matawi na kupanga mawe juu ya lami ili kuwaonya wenzake, nalo ni jambo jema. Lakini lori likishatengenezwa huondoka, na mawe hubaki palepale. Usiku mwenye baiskeli huyakuta kwa gurudumu kabla ya kuyaona kwa macho. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba imani ina matawi zaidi ya sitini au sabini, na la chini kabisa miongoni mwake ni kuondoa maudhi njiani. Katika hadithi nyingine ametupasha habari za mtu aliyeondoa tawi la miba njiani, Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumghufiria. Ikiwa mwenye kuondoa maudhi yaliyowekwa na mwingine amesamehewa, ni ipi hali ya mwenye kuyaweka kisha akayaacha?

Wajibu wa mwenye baiskeli

Uadilifu unatutaka tuseme pande zote mbili. Udhaifu si leseni ya uzembe, na mwenye kuonewa mara kwa mara naye huweza kudhulumu. Wapo waendesha baiskeli wanaopita upande usio wao, uso kwa uso na magari. Wapo wanaokatiza barabara bila ya kugeuka nyuma wala kunyoosha mkono. Wapo wanaopita taa nyekundu wakidhani kuwa taa ziliwekwa kwa ajili ya wenye injini peke yao. Na wapo wanaofunga magunia ya mkaa kwa upana unaochukua nusu ya njia, au kuziba masikio kwa visikilizi vya simu wasisikie kinachokuja nyuma yao.

Kubwa zaidi ni suala la taa. Baiskeli isiyo na taa wala kiakisi mwanga, ikiendeshwa usiku na mtu aliyevaa nguo nyeusi, haionekani. Dereva anayemulikwa na taa za gari linalokuja mbele yake hupofuka kwa muda, na katika muda huo huenda mita nyingi bila ya kuona kitu. Vilevile lori lililobeba mzigo haliwezi kusimama papo hapo hata dereva wake awe mchamungu namna gani, na linapokata kona kuelekea kushoto dereva hamwoni aliye ubavuni mwake. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametukataza katika Suratul Baqara (2:195) kujitupa wenyewe katika maangamizi. Kukagua breki kabla ya kuondoka, kufunga taa nyuma ya keria na kusubiri lori likate kona kwanza ni katika kuitii aya hiyo.

Na mwenye baiskeli asimsahau aliye chini yake. Akikutana na bibi anayevuka njia kwa mkongojo, yeye sasa ndiye aliyepanda, na zamu ya kuanza hisani imemfikia.

Inapotokea kosa

Hata tukijitahidi vipi, makosa yatatokea. Hapo ndipo uvumilivu unapopimwa. Mtume (S.A.W.) amemsifu kuwa ni mwenye nguvu yule anayejimiliki wakati wa ghadhabu, si anayewaangusha watu kwa mieleka. Amemwelekeza pia aliyekasirika akiwa amesimama akae chini. Dereva ameshakaa tayari, tena juu ya kiti laini, basi hana udhuru. Matusi yanayotupwa kupitia dirishani hayakumfundisha mtu yeyote sheria za barabarani. Suratul Furqan (25:63) inawasifu waja wa Mwingi wa Rehema kwa mambo mawili yaliyo pamoja: hutembea juu ya ardhi kwa unyenyekevu, na wajinga wakiwasemesha hujibu kwa maneno ya amani. Kunyanyua mkono kumwomba radhi uliyemkosea, au kumshukuru aliyekupisha, hakumgharimu mtu senti moja.

Ama damu ikimwagika, hukumu yake si nyepesi. Wapo wasomaji wanaodhani kuwa maadamu dereva hakukusudia kuua, basi hana lolote mbele ya Mwenyezi Mungu. Warejee Suratun Nisaa (4:92). Aliyemuua Muumini kwa kukosea amewajibishiwa mambo mawili: diya kwa warithi wa marehemu isipokuwa wakisamehe, na kafara, ambayo ni kumwacha huru mtumwa Muumini, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Utumwa haupo tena, kwa hiyo imebaki funga. Bima inaweza kushughulikia fidia, lakini hakuna shirika la bima litakalokufungia siku sitini.

Mwaka 1993 wanavyuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jedda, walikutana Bandar Seri Begawan nchini Brunei na kulijadili suala la ajali za barabarani. Waliamua kwamba kuzifuata sheria za usalama barabarani zisizopingana na Sharia ni wajibu wa kidini, kwa kuwa zimewekwa kwa maslahi ya watu. Waliamua pia kwamba dereva hudhamini madhara anayomletea mwingine, ila ajali ikitokana na nguvu isiyozuilika, au na kitendo cha mdhurika mwenyewe chenye athari kubwa, au na kosa la mtu wa tatu. Pande mbili zikishiriki katika kosa, kila upande hubeba fungu lake. Kwa hiyo kupita taa nyekundu si ujanja wa mjini, bali ni dhambi, awe aliyepita ni mwenye lori au mwenye baiskeli. Aliyefikwa na msiba huu asijihukumu mwenyewe. Amwendee mwanachuoni amweleze tukio lake lilivyo.

Na ole wake anayegonga kisha akakimbia. Najua wapo wanaokimbia kwa kuhofia kupigwa na umati. Mwenye kuhofia hilo na aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, atoe taarifa, na aombe majeruhi afikiwe upesi. Kumwacha mtu akitokwa na damu kando ya njia ni kuongeza dhulma juu ya kosa, na Suratul Maida (5:32) imemfananisha aliyeokoa nafsi moja na aliyewaokoa watu wote.

Tunapopanda vyombo vyetu tumezoea kusoma dua iliyotajwa katika Suratuz Zukhruf (43:13-14), ambayo ndani yake tunamtakasa Mwenyezi Mungu aliyetutiishia kipando tusichokuwa na uwezo nacho, kisha tunakiri kwamba kwa Mola wetu tutarejea. Wengi tumeibandika juu ya vioo vya magari yetu. Tuisome tukiizingatia maana yake: chombo si nguvu zetu, na mwisho wa kila safari ni kurudi Kwake, tukiulizwa tulivyopita na tuliowapita.

Siku chache baada ya tukio nililolisimulia nilirudi barabara ile kumtafuta mzee wa nazi, sikumpata. Lakini kila ninapomwona mwenye baiskeli mbele yangu hupunguza mwendo, nikasubiri upande wa pili uwe wazi, nikampita kwa mbali na kunyanyua mkono. Mara nyingi naye hunyanyua wake. Hiyo nayo ni salamu, na aliyepanda ndiye huianza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awarehemu waliofariki katika njia zetu, awaponye majeruhi, awape subira wafiwa, na atujaalie miongoni mwa wanaotembea juu ya ardhi Yake kwa unyenyekevu. Amin.

Wabillahi tawfiq.